Kinga Sifuri

Kila ngao ina sheria mbili. Ya kwanza inasema ngao hiyo inazuia nini. Ya pili inasema, ikishindwa, lawama iende kwa nani. Ya kwanza huandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Ya pili mara nyingi haiandikwi popote. Mtu huijua siku ambayo jambo limeshatokea.

Ukitaka kuziona zote mbili ndani ya dakika tano, nenda Kariakoo, upande wa Aggrey, ukanunue protekta ya simu. Kijana atakutolea kioo chembamba, atakikwaruza kwa kisu mbele ya macho yako, kisha atakupa ukishike mwenyewe. "Bosi wangu, hii namba moja, haipasuki." Muulize ikipasuka itakuwaje. "Ikidondoka kwa ubapa haipasuki. Ikidondoka kwa kona, hapo umeidondosha vibaya." Risiti, kama utaidai, chini kabisa ina maneno yale yale ya siku zote: mali ikishauzwa hairudishwi. Ni sheria isiyoshindwa. Kioo kikisalimika, sifa ni ya kioo. Kikipasuka, kosa ni la mkono wako.

Nimeifikiria sana sheria ya pili kwa sababu kwa mwaka mzima sasa mimi ni refa. Si refa wa mpira. Jumamosi jioni, maduka ya chini yakishafungwa, watu watano tunapanda ghorofa ya nne katika mtaa mmojawapo wa Kariakoo, kwenye chumba ambacho mjomba wa mwenzetu anahifadhia marobota ya vitenge. Tunakaa juu ya marobota, tunaweka ubao katikati, tunacheza mchezo wa kuvaa uhusika. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni: rubani, daktari, mfanyabiashara wa magendo kati ya sayari na sayari. Mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, refa anaeleza kinachofuata, na palipo na shaka dadu inaamua. Hakuna skrini wala umeme unaohitajika, jambo ambalo jijini kwetu si dogo.

Mchezo wenyewe unaitwa Traveller. Ulitungwa Marekani na Marc Miller, ukatoka mara ya kwanza mwaka 1977. Umepita katika matoleo mengi tangu hapo, lakini kitu kimoja hakijabadilika sana: unatumia dadu ya kawaida yenye pande sita. Michezo mingine ya aina hii inadai dadu za pande nane, kumi na mbili, ishirini, ambazo sijawahi kuziona kwenye meza yoyote ya Kariakoo. Traveller inataka dadu mbili za ludo, na ludo inauzwa kila kona. Unarusha mbili, unajumlisha, ukipata 8 au zaidi umefaulu. Mama yangu aliielewa kabla chai haijapoa.

Kilichonivuta zaidi ni sura za silaha na kinga. Watu wengi huzisoma kama orodha ya bei. Mimi nimezisoma kama sheria za nchi, kwa sababu kila kinga humo imepewa mpaka wake waziwazi. Kuna vazi linalorudisha mwanga wa leza, lakini mbele ya risasi au kisu ni nguo tu kama nguo nyingine. Kuna mitambo inayomwaga wingu la mchanga kando ya chombo ili leza ipoteze nguvu humo. Kombora linapita kwenye mchanga huo bila habari. Kuna bunduki ya mesoni, ambayo chembe zake hupenya chuma chochote na kulipuka zikishakuwa ndani ya chombo, hata unene wa ukuta hausaidii kitu. Dhidi ya bunduki hiyo kuna kinga ya mesoni, na kinga hiyo haizuii kitu kingine chochote duniani.

Halafu kuna duara jeusi. Hili linameza kila nishati inayolijia na kuihifadhi kwenye vyombo vya kutunzia umeme. Hakuna silaha inayolipita. Lakini likiwaka, wewe uliye ndani huoni nje wala huwezi kupiga, na vyombo vile vikijaa kupita kiasi, meli nzima inalipuka kwa nguvu ileile uliyokuwa ukiimeza. Frank Herbert, katika riwaya ya Dune ya mwaka 1965, aliweka kitu cha jamii hiyohiyo: ngao inayozuia kitu chenye kasi lakini inapitisha kisu kinachokwenda polepole, na leza ikiigusa ngao hiyo, mpigaji na mpigwaji wanaweza kuteketea pamoja.

Ninachokipenda katika sheria hizi ni uaminifu wake. Kinga ikishindwa, sababu imo kitabuni: silaha haikuwa aina yake, au vyombo vilijaa, au dadu ilikataa. Hakuna ukurasa unaosema mvaaji alikuwa na moyo mchafu.

Mwanzoni mwa mwaka tulichoka na magendo. Tukataka hadithi ndefu yenye vita. Nikaandaa sayari moja ambayo watu wake wanalimishwa kwa nguvu zao linalouzwa mbali na wenye bunduki waliotoka nyota nyingine. Wenyeji hawana bunduki za maana. Vijiji havielewani, kila kimoja kina ugomvi wake na jirani. Nikasoma maelezo yale kwa sauti. Nilipofika kwenye viboko vya mashambani, mwenzetu mmoja akaweka kikombe chini. Yeye kwao ni Songea, nasi tunamwita Mngoni.

"Refa, si useme tu. Hii ni Maji Maji."

Ilikuwa Maji Maji, na hakuna aliyekataa. Tukakubaliana tuicheze hivyohivyo, pamba ibaki pamba, ila mbingu iwe na miezi miwili. Ugumu ulianza pale nilipofungua daftari na kuuliza swali ambalo kila refa wa Traveller lazima aulize. Maji tunayapa pointi ngapi za kinga?

Katika toleo tunalotumia, vazi la kinga hupunguza jeraha kwa namba fulani. Risasi ikileta jeraha la 9 na vazi lako lina 5, unaumia 4. Kwa hiyo swali langu lilikuwa la kawaida kabisa. Mchezaji wa kwanza, mwanafunzi wa uhandisi asiyependa mzunguko, alijibu bila kuinua kichwa: "Sifuri. Yalikuwa maji."

Mngoni akasema ikiandikwa sifuri, yeye anaondoka. Hakupandisha sauti. Akaeleza kwamba kwao kila mwaka tarehe 27 Februari watu wanakusanyika kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Makumbusho ya Maji Maji yako palepale. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. "Sifuri maana yake walikuwa wajinga," alisema. "Watu wazima, wenye wake na watoto na mashamba, wakatembea kuelekea bunduki kwa ujinga. Mimi siandiki hivyo kwa mkono wangu."

Basi, akasema mwingine, tuwape 6. Huu ni mchezo. Kwenye mchezo wetu dawa ifanye kazi.

Hapo akanyanyuka aliyekuwa kimya siku zote, ambaye kwao ni Utete, Rufiji, karibu na huko maji yalikoanzia. "Na hiyo 6 ni tusi pia, dada. Risasi ziliwapiga. Ukisema hazikuwapiga, basi hakuna aliyekufa, na kama hakuna aliyekufa tunamkumbuka nani?"

Tukafunga mchezo usiku ule bila kurusha dadu hata mara moja. Nikapewa wiki moja nilete sheria.

Ninasoma shahada ya uzamili, na maktaba ni mahali ninapojua njia zake. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini, wakakaa na wazee waliokuwa bado wanayakumbuka yale, wakaandika walichosimuliwa. Ule ulikuwa Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Mengi tunayoyajua leo kuhusu vita hivyo kutoka upande wa waliopigana yametokana na kazi ya vijana wa umri wangu na madaftari yao.

Mambo ya msingi yanajulikana. Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe. Mwaka 1904 alipagawa na pepo aliyeitwa Hongo. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye maji ya mto na kutoka akiwa mkavu. Dawa yake ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbono na mbegu za mtama. Risasi za Wajerumani, ilisemwa, zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba kule Nandete, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Inaelezwa kwamba kabla ya kufa alisema kumnyonga hakuna faida, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge.

Na ilikuwa imefika. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge mchana kweupe. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki mbili za rashasha. Sitaeleza zaidi ya hapo; msomaji anajua rashasha hufanya nini kwenye uwanja wa wazi.

Lakini maji hayakwenda bila sheria, na hapo ndipo nilipokaa siku nyingi zaidi. Aliyekunywa au kupakwa alipewa miiko: asilale na mwanamke, asipore mali, asile vyakula fulani. Mwenzako akianguka, jibu lilikuwa tayari limeshaandaliwa: amevunja mwiko. Kariakoo nzima inaijua sheria hiyo. Umeidondosha kwa kona.

Wala si jambo la mwaka 1905 peke yake. Kaskazini mwa Uganda mwaka 1986 Alice Auma, aliyeitwa Lakwena kwa jina la roho aliyempanda, alianzisha jeshi lililopakwa mafuta ya kuzuia risasi. Jeshi hilo lilikuwa na kanuni 20 za tahadhari. Mpiganaji asijifiche nyuma ya mti wala kichuguu. Asiwe na pumbu pungufu ya mbili wala zaidi ya mbili. Walifika hadi karibu na Jinja kabla ya kusambaratishwa mwaka 1987, na kila aliyepigwa risasi njiani alihesabiwa kuwa amevunja mojawapo ya zile 20. Mashariki mwa Kongo wapo wapiganaji ambao hadi leo wanaitwa Mai-Mai, kwa maji hayohayo, na kwa miiko inayofanana na hiyo.

Nilipoziweka sheria hizi kando ya zile za Traveller, niliona tofauti ambayo sikuwa nimeitafuta. Duara jeusi na maji vyote ni kinga kamili: hakuna kinachopita. Ila duara jeusi linapolipuka, kitabu kinalaumu duara. Maji yaliposhindwa, aliyelaumiwa alikuwa marehemu, mtu pekee pale uwanjani asiyeweza kujitetea. Kwangu ukatili uko hapo kuliko katika kuamini dawa. Kila mtu huamini kinga fulani. Mimi naamini mkanda wa kiti cha mbele kwenye daladala, ule usiofunga.

Hata hivyo sikuwa nimemjibu Mngoni. Kama si sifuri wala 6, ni nini?

Jibu lilikuja nilipoacha kutazama risasi na kutazama ramani. Kabla ya 1905 Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera, Wazaramo na Wangoni hawakuwa na jeshi moja, lugha moja wala mfalme mmoja. Wengine walikuwa na kumbukumbu chungu za kuvamiana. Ndani ya wiki chache eneo kubwa la kusini mwa nchi lilikuwa limesimama, makabila zaidi ya 20. Hakuna simu. Hakuna gazeti. Kulikuwa na watu wanaotembea na vibuyu, na kila aliyekunywa alijua kwamba ng'ambo ya mto yupo mtu asiyemfahamu ambaye naye amekunywa.

Nikaandika sheria, nikaipeleka Jumamosi. Ilikuwa na mistari mitatu.

Mstari wa kwanza: maji hayapunguzi jeraha la silaha yoyote.

Wa pili: kijiji kilichokunywa maji kikiitwa na kijiji kingine kilichokunywa, kinakuja. Dadu hairushwi.

Wa tatu: mhusika akipigwa risasi akiwa amekunywa maji, refa haruhusiwi kuuliza alifanya nini jana usiku.

Watu wasiocheza huenda wasione uzito wa mstari wa pili. Katika mchezo wetu kila kitu kina dadu. Kumshawishi mlinzi wa lango kuna dadu. Kupata mkopo kuna dadu. Kumwomba shangazi yako akufiche kuna dadu, na ukipata 7 shangazi anakufukuza. Kusema watu wanakuja, bila dadu, ni kuwapa nguvu ambayo hakuna duara jeusi wala kinga ya mesoni iliyopewa kitabuni kote. Mngoni aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kava ya simu yake.

Mhandisi ndiye aliyetoa hoja nzito zaidi. "Wahusika wetu hawajui mstari wa kwanza. Sisi tunaujua. Tutachezaje?" Hilo ni tatizo la kweli katika michezo hii: mchezaji akijua kitu asichokijua mhusika wake, hujikuta anamwokoa bila haki. Mmoja akapendekeza nifunge namba ndani ya bahasha, tujifanye hatujui. Yule wa Utete akakataa. Tucheze tukijua, akasema. Hadithi ya Kinjikitile tumeisoma wote shuleni kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka 1969. Hakuna wa kujifanya.

Tukacheza Jumamosi nne. Wahusika walibeba vibuyu kijiji hadi kijiji, na kila mara nilipotazamia wachezaji wangu, watu wajanja kupita kiasi, watafute njia ya kuzunguka boma, waichome ghala usiku, watie sumu kisimani, walifanya hivyo kweli, wakafaulu mara mbili. Lakini ilifika jioni ambayo vijiji 14 vilikuwa vimeshaitika na vimeshakuja, wapo bondeni, wanapika, wanasubiri. Boma iko mbele. Kila mtu kwenye yale marobota alikuwa anajua mstari wa kwanza kwa moyo. Nikawauliza, mnakwenda au mnarudi?

Walikaa muda mrefu kidogo. Chini mtu alikuwa anavuta mkokoteni, magurudumu yanalia. Mhandisi, yuleyule wa sifuri, ndiye aliyesema: "Siwezi kuwaambia hawa warudi majumbani. Nitawaambia nini?"

Wakaenda. Sikufurahia kurusha dadu usiku ule na sitasimulia nani alibaki.

Nilirudi kwenye vitabu baada ya hapo kwa jambo moja ambalo nilikuwa nimelipita haraka. Vita vya Maji Maji havikuisha Mahenge. Viliendelea hadi 1907. Kule Ungoni na Ungindo watu waliacha kushambulia boma kwa wingi wa miili, wakagawanyika vikundi vidogo, wakapiga na kukimbia porini kwa miezi mingi. Watu hao walikuwa wameshaona risasi zinavyofanya kwa macho yao. Hakuna aliyekuwa akiwaza tena kuhusu kugeuza risasi kuwa maji. Walipigana wakiwa na kinga sifuri, wanajua ni sifuri, kwa sababu walikuwa wameshakuja. Hivyo ndivyo ninavyosoma miezi ile, na ndiyo sababu siamini kwamba neno ujinga linatosha kueleza hata siku za mwanzo.

Ilibaki silaha moja ambayo sheria zangu hazikuigusa. Gavana Gustav Adolf von Götzen na maofisa wake waliposhindwa kuvikamata vikundi vile vidogo, waligeukia chakula. Mashamba yalichomwa, ghala zikachomwa, mbegu zikachukuliwa. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki zote. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000, hesabu ya Wajerumani wenyewe, hadi wanahistoria wanaotaja 250,000 na hata 300,000. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwabebesha Waafrika mizigo ya jeshi lao katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi hao nao walikufa kwa maradhi na lishe mbovu kuliko kwa risasi. Kambi yao hapa Dar es Salaam iliacha jina ambalo kila kondakta hulitaja leo mara mia kwa siku: Kariakoo. Tunacheza vita vyetu juu ya jina hilo, tumekalia vitenge.

Kitabu cha Traveller kina kurasa nyingi za silaha za kigeni. Kina silaha za leza, za plazma, za chembe zinazopita ukutani. Nimeipekua tena sura yote ya kinga. Kuna kinga dhidi ya nyuklia, kinga dhidi ya mesoni, kinga dhidi ya mwanga. Dhidi ya mtu anayechoma mahindi yako na kusubiri, hakuna. Nilimuuliza Mngoni tuiandikeje, maana hadithi yetu imefika hapo. Adui amechoka kukimbizana, na juzi amekamata bonde lenye ghala.

Alinijibu kwa ujumbe, usiku, kwa maneno machache. Bibi yake alikuwa na desturi ya kuficha mbegu kidogo kwenye chungu kilichozikwa chini ya mafiga, kila msimu, hata msimu wa neema, na hakuwahi kueleza kwa nini. Yeye anataka mhusika wake afanye hivyo sasa, kabla adui hajafika kijijini. Anauliza kama kuna dadu ya kurusha.

Jumamosi ijayo nitamwambia hakuna. Nimeshaiandika kwenye daftari, chini ya mistari ile mitatu. Mstari wa nne: mbegu iliyozikwa haitafutwi na refa.